Mlango Usiofungwa: Kutoka Dhahabu ya Sekenke hadi Namba ya Siri

Hakuna dereva wa lori anayetoka Singida kwenda Nzega akaudharau mlima Sekenke. Ukishapita Misigiri, barabara inaanza kuteremka kwa kona kali hadi Shelui, kisha mbuga za Wembere zinafunguka mbele yako, tambarare mpaka Igunga. Wengi wanaujua mlima huo kwa ajali zake. Wachache wanakumbuka kwamba vilima hivyo vya Iramba ndivyo vilivyowapa Wajerumani mgodi wao mkubwa wa kwanza wa dhahabu katika koloni lao la Afrika Mashariki.

Swali la makala haya ni la zama za kompyuta. Mtu akiingia kwenye mfumo ambao mwenyewe hakuufunga sawasawa, lawama ibebwe na nani: aliyeingia, au aliyeacha wazi? Mjadala huu huletwa kana kwamba umezaliwa na intaneti. Haukuzaliwa nayo. Ni wa zamani kama mali yenyewe, na Sekenke panafaa kuanzia kwa sababu mali imepita pale kwa sura zake zote: mwamba, sarafu, noti, na sasa salio la simu.

1907–1917: Tembo wa Tabora

Dhahabu iligunduliwa Sekenke mwaka 1907, na miaka miwili baadaye mgodi ukaanza kuzalisha. Mwamba ulichimbwa, ukasagwa, dhahabu ikayeyushwa na kufungiwa. Ulinzi wa mali ya aina hiyo hauna fumbo. Anayeitaka lazima afike ilipo, na akifika atakuta ukuta na mtu mwenye bunduki.

Vita Kuu ya Kwanza ilivuruga utaratibu huo. Meli za Waingereza zilifunga bahari, sarafu kutoka Ujerumani zikakoma kuja, na serikali ya koloni ikajikuta ina askari na watumishi wa kulipwa lakini haina fedha ya kuwalipa. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, zilipigwa sarafu za dhahabu za rupia 15. Upande mmoja palichorwa tembo mbele ya milima, upande wa pili tai wa Ujerumani. Dhahabu yake ilitoka Sekenke. Zilitengenezwa sarafu 16,198, na kando yake zikapigwa hela za shaba nyeupe na nyekundu, malighafi yake ikiwa ni pamoja na maganda ya risasi na mizinga. Septemba 19, 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora, na kiwanda hicho cha dharura kikafa.

Jeshi la Wajerumani liliposukumwa kusini, fedha ikazidi kuwa hafifu. Noti za msituni za mwaka 1917 zilipigwa mhuri wa mpira juu ya karatasi iliyopatikana, kisha zikatiwa saini kwa mkono. Fikiria jambo hilo kidogo. Noti ambayo ulinzi wake wote ni mhuri wa mpira na saini ya ofisa anayehama kila wiki, mtu yeyote mwenye wino na mkono mtulivu angeweza kuiiga. Hata tembo wa Tabora, dhahabu tupu, ameghushiwa mno. Wakusanyaji wa sarafu hadi leo hawamnunui bila kumpima uzito kwanza.

Lakini sijawahi kukuta sheria ya fedha inayomwachia mghushi kwa sababu noti ilikuwa rahisi kughushi. Udhaifu wa noti ulikuwa tatizo la serikali iliyoitoa, na kughushi kukabaki kosa la aliyeghushi. Hayo yalikuwa mambo mawili, na hakuna aliyelitumia moja kulifuta lingine. Kompyuta zilipokuja, tofauti hiyo ndiyo iliyopotea.

1930: Kusukuma ni kuvunja

Tanganyika ilipata Kanuni ya Adhabu ya mtindo wa Kiingereza mwaka 1930, pamoja na majirani zake Kenya na Uganda. Ndani yake kuna kifungu ambacho kila wakili kijana hukisoma na wachache hukitafakari. Katika toleo la leo la Tanzania, Sura ya 16, ni kifungu cha 293, kinachoeleza maana ya kuvunja nyumba. Mtu huhesabiwa amevunja hata kama hakutoboa ukuta wala kupasua kufuli. Akifungua mlango au dirisha kwa kufungua komeo, kwa kuvuta, kwa kusukuma, kwa kuinua, au kwa namna nyingine yoyote, amevunja.

Kwa kusukuma tu. Mlango uliorudishwa bila kufungwa, ukausukuma kwa kidole na kuingia ukiwa na nia mbaya, mbele ya sheria hiyo umevunja nyumba. Na kama mlango ulikuwa wazi kabisa? Hapo hakuna kuvunja, lakini bado yapo makosa mengine: kuingia katika makazi ya mtu kwa nia ya kutenda kosa, na kuingia kwa jinai. Sheria haikumwachia aliyekuta mlango wazi. Ilipunguza uzito wa kosa lake, basi.

Watu wa pwani walikuwa na mizani yao kabla ya Mwingereza kuleta yake. Katika fiqhi, na vitabu vya madhehebu ya Shafi kama *Minhaj* ya Imam Nawawi vimesomwa Lamu, Mombasa na Unguja kwa vizazi, adhabu ya hadi kwa mwizi, yaani kukatwa mkono, ina masharti, na mojawapo ni kwamba mali iwe imechukuliwa kutoka katika hifadhi inayostahili mali ya aina hiyo. Fedha iliyoachwa njiani si sawa na fedha iliyo ndani ya kasha. Aliyechukua ile ya njiani hakatwi mkono. Hata hivyo haendi zake salama: mali atairudisha, na kadhi anaweza kumtia adabu kwa adhabu nyepesi kuliko hadi.

Kwa hiyo mizani zote mbili, ya Mwingereza na ya kadhi, zilifika karibu na mahali pamoja kwa njia tofauti. Uzembe wa mwenye mali unaweza kugusa ukubwa wa adhabu. Hauligusi kosa.

1965–1993: Mashine ndani ya chumba

Kompyuta ya kwanza ya serikali ya Tanzania iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Kabla muongo haujaisha ikaletwa nyingine kubwa zaidi, na hesabu za serikali zikahamishiwa humo. Matokeo yake yalikuwa aibu: hesabu zilivurugika, na fedha nyingi za kigeni zikapotea katika mradi ambao haukufanya kazi. Mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, na televisheni zikaingizwa kwenye katazo hilohilo.  

Marufuku hiyo ina maana kwa habari yetu kwa sababu ilizichelewesha fikra pamoja na mashine. Wakati nchi nyingine zinaanza kuulizana nani aruhusiwe kuingia kwenye kompyuta, kwetu kompyuta chache zilizokuwepo zilikaa ndani ya vyumba vyenye kiyoyozi, na usalama wake ulikuwa mlinzi wa getini na ufunguo mfukoni mwa mkuu wa idara. Wa kuingia alihitaji miguu, na kifungu cha 293 kilimtosha.

Uingereza, ambako sheria zetu nyingi zimechimbuka, hapakuwa na utulivu huo. Shirika la simu la huko lilikuwa na huduma iitwayo Prestel, ambayo wateja waliifikia kwa laini ya simu na kusoma kurasa kwenye skrini ya televisheni. Mwaka 1984 mwandishi wa habari za kompyuta, Robert Schifreen, alikuwa akijaribu kifaa chake akabonyeza tarakimu 2 mara kumi mfululizo mahali pa kuweka utambulisho. Mfumo ukaomba nywila. Akaandika 1234. Mfumo ukamkaribisha kama mfanyakazi wa shirika. Yeye na mwenzake Stephen Gold waliendelea kupekua hadi wakafika kwenye sanduku la barua la Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia.

Moja, mbili, tatu, nne. Ukitaka mfano wa kompyuta isiyolindwa, huo hapo, na wenye mfumo huo walikuwa shirika lenye wahandisi wa kutosha.

Waendesha mashitaka hawakuwa na sheria ya kuingia kwenye kompyuta. Wakaazima Sheria ya Kughushi ya mwaka 1981, wakidai kwamba nywila ya mtu mwingine ikishaandikwa ndani ya mashine ni hati ya kughushi. Mwaka 1986 wawili hao walitiwa hatiani na kutozwa faini, Schifreen pauni 750 na Gold pauni 600. Mahakama ya rufani ikawaachia mwaka 1987, na mwaka 1988 majaji wa House of Lords wakathibitisha: ishara za umeme zinazokaa kwenye mashine kwa nukta moja kisha zikafutika si hati. Soma uamuzi huo kwa makini. Majaji hawakusema wawili hao wasamehewe kwa kuwa 1234 si kufuli. Walisema Bunge halikuwa limetunga kosa hilo. Miaka miwili baadaye Bunge likalitunga kwa Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 1990, na ndani yake halikuuliza kama mfumo ulioingiliwa ulikuwa umelindwa au la.

Ujerumani ilichukua njia nyingine. Mwaka 1986 iliongeza kwenye kanuni yake ya jinai kifungu cha 202a, kinachomtia hatiani anayejipatia taarifa zisizomhusu ambazo *zimelindwa mahususi* dhidi ya kuingiliwa. Bila ulinzi, kosa hilo halipo. Uholanzi ilifanya vivyo hivyo mwaka 1993 kwa kudai kwamba ulinzi fulani uwe umevunjwa, kisha mwaka 2006 ikaliondoa sharti hilo. Na Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001, unaoongoza sheria za uhalifu wa mtandao duniani, ukaacha kila nchi ichague.

Kufikia hapo dunia ilikuwa na vyungu viwili jikoni. Afrika Mashariki ilikuja kupakua kutoka vyote viwili.

2000–2012: Karatasi ya mashine mbele ya jaji

Mlango wa kwanza ambao kompyuta iliubisha katika mahakama za Tanzania ulikuwa wa ushahidi. Mwaka 2000, katika Mahakama ya Biashara, Dar es Salaam, Jaji Nsekela aliamua katika shauri la Trust Bank dhidi ya Le-Marsh kwamba karatasi iliyochapwa na kompyuta ya benki inaweza kupokelewa kama daftari la benki. Leo uamuzi huo unaonekana mdogo. Wakati ule, bila huo, hata mdukuzi aliyekamatwa na mkono ndani ya mfumo angeweza kuondoka akicheka, maana alama zake zote ziko ndani ya mashine.

Julai 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM uliwashwa Dar es Salaam na Mombasa. Intaneti iliyokuwa ikikokotwa kwa satelaiti ikapata kasi na kushuka bei. Mwaka 2010 Tanzania ikatunga Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta, iliyoweka msingi wa kitengo cha kitaifa cha kushughulikia dharura za kompyuta na kuanza kugusa suala la kuingia kwenye kompyuta bila idhini. Iligusa tu, shabaha yake kuu ilikuwa kampuni za simu na leseni.

Kasi hiyo ilileta wageni pia. Januari 2012 Kenya iliamka na kukuta tovuti 103 za serikali zimebadilishwa sura kwa usiku mmoja. Aliyefanya alijiita direxer na alijitambulisha kuwa wa Indonesia. Hakuiba fedha, alibandika jina lake na kuondoka. Kwa maoni yangu tovuti 103 haziangukii mkono wa mtu mmoja kwa usiku mmoja kama kila moja ina kufuli yake. Kosa lilikuwa lake. Lakini idadi ile ilikuwa ushahidi dhidi ya waliokabidhiwa tovuti hizo, na hakukuwa na sheria iliyowapangia wao sehemu ya kusimama.

2008–2020: Kibanda cha Shelui

Wakati wakubwa wakihangaika na tovuti, kompyuta iliyowafikia wachimbaji wa Sekenke ilikuwa ya kiganjani. M-Pesa ya Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2008, na mitandao mingine ikafuata. Mchimbaji mdogo anayetoka kwenye duara, akapitisha mawe yake karashani na kuuza alichopata, hana tena haja ya kufunga noti kwenye kiuno cha suruali. Anaweka kwenye simu na kupanda basi akiwa mwepesi. Kwa barabara ile na wezi wake, hiyo ilikuwa nafuu kubwa.

Tazama kibanda cha wakala kwa karibu. Juu ya kaunta kuna daftari la mistari lililofunguliwa: tarehe, jina la mteja, namba ya simu, kiasi, namba ya kitambulisho, saini. Mteja anayefuata, akisubiri chenji, anaweza kusoma mistari kumi iliyo juu ya jina lake. Mzee asiyeona vizuri anampa wakala simu na kumwambia, "Nisaidie mwanangu, namba ya siri ni mwaka niliozaliwa." Mwaka aliozaliwa uko kwenye kitambulisho, na namba ya kitambulisho iko kwenye daftari. Prestel ilirudi, safari hii chini ya mlima Sekenke, na aliyeacha 1234 si shirika kubwa, ni babu.

Hapo swali letu linapata sura nyingine. Ukisema mwenye mfumo dhaifu amejitakia, unamwambia babu huyo kwamba amejitakia. Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii" umewapata walimu, wachungaji na wauza mitumba nchi nzima, na ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) zimekuwa zikiitaja mikoa ya Rukwa na Morogoro kuwa juu kwa majaribio ya ulaghai wa simu. Huo ni utapeli zaidi kuliko udukuzi, na sheria inauweka kwenye kifungu kingine. Ila mantiki ya kumlaumu aliyeibiwa ni ileile.

Serikali ilijibu kwa kukaza usajili. Kuanzia Mei 1, 2019 laini zilisajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, na Januari 20, 2020 laini zisizosajiliwa hivyo zikaanza kuzimwa. Kufuli mpya ikazaa ufunguo bandia wake haraka. Msajili wa mtaani, mwenye mwavuli na kishikwambi, anakwambia, "Weka tena kidole, haijasoma." Kidole cha kwanza kilisoma. Cha pili kinasajili laini nyingine kwa jina lako, na laini hiyo ndiyo itakayotumika kutapeli. Ndiyo maana watu walifundishwa kubonyeza *106# kuhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chao, na kupeleka namba za matapeli 15040. Haya ni mambo mazuri. Angalia tu nani amepewa kazi: mwananchi ndiye anayekagua milango aliyofunguliwa na mtu mwingine.

2015 na 2018: Njia mbili za majirani

Muswada wa Sheria ya Makosa ya Mtandao ulipita bungeni Dodoma mwanzoni mwa Aprili 2015, ukasainiwa na Rais Jakaya Kikwete Aprili 25, na kuanza kutumika Septemba 1 mwaka huohuo, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu. Kelele zote zilikuwa juu ya kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo na mamlaka ya polisi kudai taarifa za watumiaji. Kelele hizo zilikuwa za haki. Mwezi Oktoba polisi waliwakamata watu waliokuwa wakikusanya taarifa za uchaguzi, na kampuni ya Jamii Media ikaenda Mahakama Kuu kuipinga sheria hiyo. Meno ya sheria yalianza kuuma ndimi kabla ya kuuma vidole vya wadukuzi.

Katika zogo hilo kifungu cha 4 kilipita bila kutazamwa. Kinasema kwa ufupi kwamba mtu asiingie kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na kinyume cha sheria. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote. Hakuna neno juu ya ulinzi. Nywila 1234, kompyuta isiyo na nywila kabisa, au kanzidata iliyoachwa wazi kwenye intaneti, mbele ya kifungu hicho zote ni sawa. Hiyo ni njia ya Waingereza.

Nenda mbele vifungu vinne. Kifungu cha 8, kinachohusu ujasusi wa data, kinamtia hatiani anayejipatia data *iliyolindwa dhidi ya kuingiliwa bila idhini*. Adhabu yake inapanda: faini isiyopungua milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka mitano. Maneno hayo yana ukoo. Yanafanana na ya sheria ya mfano ya nchi za SADC, na ile nayo ina sauti ya kifungu cha 202a cha Ujerumani. Karibu karne moja baada ya Wajerumani kuondoka Tabora na sarafu zao, namna yao ya kufikiri juu ya kufuli ilirudi ndani ya sheria ya Tanzania. Kwa bahati au kwa hekima, vifungu hivyo viwili vinafanya walichofanya kadhi na Kanuni ya Adhabu: kuingia ni kosa hata pasipo kufuli, na kuvunja kufuli ni kosa zito zaidi.

Kenya ilikwenda upande wa pili. Sheria yake ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao, iliyosainiwa Mei 2018, inaeleza katika kifungu cha 14 kwamba kosa la kuingia linatendeka *kwa kukiuka hatua za usalama*, huku mtu akijua hana idhini. Faini inafika shilingi milioni 5 za Kenya, kifungo miaka mitatu. Hapa wakili wa mtetezi ana la kusema: hatua ya usalama ilikuwa ipi? Vifungu 26 vya sheria hiyo vilisimamishwa na Mahakama Kuu kabla havijaanza kazi, baada ya chama cha wanablogu kufungua shauri, na ubishi wa miaka iliyofuata ukawa tena juu ya uhuru wa kusema.

Je, sharti la Kenya linamwokoa aliyeingia kwa 1234? Nina shaka, na Wajerumani wenyewe wamenipa sababu. Mwaka 2021 mtaalamu mmoja wa programu huko Ujerumani aligundua kwamba nywila ya kanzidata ya kampuni fulani imeandikwa waziwazi ndani ya programu waliyopewa wateja. Akaingia, akaona taarifa za mamia ya maelfu ya wanunuzi, akaripoti. Mahakama ya Jülich kwanza ilikataa kusikiliza mashitaka, kwa hoja kwamba data haikuwa imelindwa mahususi. Mahakama ya juu yake, Aachen, ikasema nywila ni nywila hata ikiwa mbovu, na kesi ikarudi. Januari 2024 alitozwa faini ya euro 3,000, na rufani yake mwaka huohuo haikumsaidia. Sharti la ulinzi, pale lilipozaliwa, limekuwa jembamba kiasi kwamba komeo la kamba linahesabika.

Kesi hiyo inanisumbua kwa sababu nyingine. Aliyehukumiwa ndiye aliyetoa taarifa. Kifungu chetu cha 4 nacho hakina nafasi ya mtu anayeingia ili aonye. Kijana wa chuo cha Dodoma anayegundua kwamba mfumo fulani unafunguka kwa kubadilisha namba moja kwenye anwani ya ukurasa, akathibitisha kwa kufungua ukurasa wa pili, tayari yuko kwenye hatari ya kifungo cha mwaka mmoja. Akinyamaza yuko salama. Mwizi atakayekuja baada yake hatakuwa na sababu ya kunyamaza wala kusema.

2022–2025: Mwenye nyumba aitwa

Msimamo wangu msomaji ameshauona: aliyeingia abebe kosa lake lote, lakini udhaifu wa kufuli uandikwe kwenye hesabu ya yule aliyekabidhiwa mali ya watu. Kwa muda mrefu daftari hilo la pili halikuwepo. Kenya ililifungua mwaka 2019 kwa Sheria ya Ulinzi wa Data, ambayo faini yake kwa taasisi inafika shilingi milioni 5 za Kenya au asilimia moja ya mauzo ya mwaka, ipi iliyo ndogo. Kwa benki kubwa hiyo ni ada ya maegesho.

Tanzania ilifuata na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan mwezi Aprili 2024. Kwa mara ya kwanza anayekusanya taarifa za watu, awe kampuni ya simu, hospitali au shule, ana wajibu wa kisheria wa kuzilinda, na aliyeumizwa anaweza kudai fidia. Babu wa Shelui amepata mtu mwingine wa kumuuliza, mbali na mwizi ambaye hatakamatwa. Kama atajua kwamba ana haki hiyo, na kama nauli ya kuifuata itamtosha, ni habari nyingine.

Kisha ikaja Mei 20, 2025. Akaunti ya Jeshi la Polisi Tanzania kwenye mtandao wa X iliingiliwa, ikarusha picha za ngono na uzushi kuhusu Rais. Serikali ililaani na kuahidi kuwasaka waliohusika, na hapakuwa na mtu mwenye akili timamu aliyesema waachwe kwa kuwa akaunti haikulindwa vya kutosha. Ila ahadi ilihusu wadukuzi peke yao. Nani alishika nywila ya akaunti ya polisi, na aliilinda vipi, halikuwa swali la siku hiyo.

Siku hiyohiyo X ikaacha kupatikana nchini, na baadaye Waziri wa Mawasiliano wa wakati huo, Jerry Silaa, akaeleza kwamba mtandao huo umefungwa kwa sababu ya maudhui ya ngono yaliyo kinyume cha sheria na maadili. Waliotaka kuendelea kuutumia, wafanyabiashara na waandishi wa habari wakiwemo, wakageukia VPN, programu za kukwepa kizuizi hicho. Na tangu Oktoba 2023 TCRA ilikwishaagiza kwamba VPN zisajiliwe, na kutumia isiyosajiliwa ni kosa. Kwa hiyo kosa lilianza kwa mdukuzi, likapitia akaunti ya polisi, na waliojikuta upande mbaya wa sheria kufikia mwisho wa juma ni watu waliokuwa wakitangaza bei za simu na viatu.